Samaki Hawakuwa Wamelewa

Miaka ile ya sitini, juu kidogo ya pale tulipokuwa tukichota maji ya mto Malaba, kulikuwa na kilabu cha pombe ya nafaka ya wimbi. Kila asubuhi wenye kilabu walimwaga machicha ya pombe mtoni, kapu baada ya kapu. Wakati wa mvua mto uliyabeba. Lakini kiangazi kilipokaza yakabaki madimbwi tu, na machicha yakaozea humo humo.

Asubuhi moja tukakuta samaki wetu, ningu, wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Wanaume wa kilabu walisimama ukingoni wakicheka hadi kushika mbavu. "Wamelewa hao!" Wakawaokota kwa mikono, wakawachoma, wakarudi kwenye mtungi na mirija yao.

Walewe wapi? Samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji, na uozo ule ulikuwa umeimaliza yote. Walikuwa wanakata roho kwa kukosa pumzi, na watu wazima wenye akili zao wanaona kichekesho! Mama yangu alipowaomba wapeleke machicha shambani, au wawape nguruwe, walimjibu, "Mama, nenda ukapike."

Apike nini? Mvua zilirudi, mto ukajaa, ningu hawakuonekana. Tukawa tunaishi kando ya mto huku tunanunua omena, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka Sio Port. Na wanaume wale wale, mirija mdomoni, wakaanza kuulizana ni mwanamke gani ameuroga mto, huku wakitazama kwetu.