Tromboni ya Makena na Beseni Yangu Nyekundu

Hebu niambieni, kuna mtu hapa amewahi kusimama mbele ya kanisa nzima, mkono huu amebeba beseni nyekundu, na mkono huu mwingine amejishika sikio kama mtoto wa nasari? Hakuna? Basi msicheke mapema, kwa sababu mimi nimesimama hivyo, na kitambaa changu kizuri kwa kichwa, na mpaka leo nikikumbuka najifunika uso na leso hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ilianza na mapenzi tu. Nilikuwa nimeenda Embu kwa msichana wangu Kawira, anakaa Majimbo, na mtoto wake Makena (ndiye mjukuu wangu wa kwanza, na msiambie wale wengine lakini ndiye nampenda zaidi) alikuwa anajifunza kupiga kwa bendi ya kanisa, lakini chombo chake mwenyewe hana, anangoja mwenzake amalize ndio ashike, kama watu wanangojana kijiko. Sasa tukipita soko nikaona kwa mtu wa vitu kuukuu kitu imening'inia, inang'aa kama dhahabu, mdomo mkubwa kama spika, na bomba refu ya kuvuta na kurudisha. Makena akanishika mkono mpaka ikauma. "Shosho, hiyo ni tromboni!" Kwani mimi najua tromboni ni nini? Nilijua tu macho ya mtoto. Nikabishana na yule mtu mpaka akachoka na mimi, tukaenda nayo.

Jumapili, mwalimu wa bendi, anaitwa Njiru, kijana wa heshima sana, akaigeuza, akaona kiraka kidogo kwa ule mdomo, na uso yake ikabadilika. Kumbe kanisa yao iliibiwa tromboni yenye kiraka kama hicho zamani, hata Makena hajazaliwa, na haikupatikana tena. Akaniambia polepole, "Mama, sisemi ni hii. Lakini mpaka tujue imetoka wapi, Makena asiipige hapa." Woi! Kabla hatujafika kwa geti wamama wa kwaya walikuwa wanaangalia mtoto wangu vile mtu anaangalia kuku yake ndani ya sufuria ya jirani. Makena akavua ile tai ya bendi, akaikunja vizuri, akanipatia. Hakulia. Hiyo ya kutolia ndiyo ilinichoma.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini mdomo yangu mimi haina mlango. Jumapili ingine, wakati wa matangazo, nikasimama bila kuitwa, nikasema, "Mimi natoka Laare, kule Meru. Mwizi mwenye aliuza hii kitu nitamtafuta, na nikimpata nitamleta hapa mbele nikiwa nimemshika sikio, nyote mumuone!" Kanisa ikapiga makofi. Mzee mmoja akasema amina mara tatu. Nikakaa chini nikijisikia kama chifu.

Basi tukaanza, mimi na Makena na mwalimu Njiru. Yule mtu wa soko akasema aliitoa Meru, Majengo, kwa mzee mmoja wa vyuma karibu na msikiti. Tukaenda Majengo. Huyo mzee, mtu mzuri na kofia yake nyeupe, akaishika kama anashika mtoto. "Hii siwezi sahau. Ililetwa ikiwa vipande viwili, nyeusi kama makaa, na mavi ya kuku juu. Nilikataa kuivunja, nikaisugua mwenyewe." Nikamuuliza nani aliileta. "Kijana wa Laare, anazunguka na pikipiki, anapatia wamama mabeseni, wanampatia vyuma."

Sasa mtu mwenye akili angeshtuka hapo, si ndio? Mimi nilifurahi! Nikamwambia mwalimu, "Unaona? Hawa watu wa Laare!" (Na mimi nimekaa Laare tangu niolewe.) Njia yote nikatukana huyo mama mwenye alitoa tromboni apewe beseni, nikasema hana kichwa, nikasema hata kwao hawakumfunza, na Makena ananiambia, "Shosho, pole pole."

Laare tukafika saa zile wamama wanafunga miraa na wanunuzi wamejaa na pikipiki zao. Na huyo kijana huyu hapa, mabeseni yamepangwa nyuma ya pikipiki kama kofia za askofu. Nikamshika shati. Nikainua sauti ndio watu wote wasikie. "Sema mbele ya hawa watu! Hii kitu ulitoa kwa nani?"

Akaangalia tromboni. Akaniangalia mimi. Akaangalia tromboni tena.

"Mama, kwani si ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Wewe, mama. Mwaka jana, mkimaliza kuvuna maharagwe. Ulisema hizo ni bomba za pampu ya dawa iliyokufa. Nikakupatia beseni ya kijani ukakataa, ukataka nyekundu. Halafu ukaniambia nisipoongeza kikombe nirudishe bomba zako."

Ngai wangu! Hiyo kikombe ndiyo ilinimaliza, kwa sababu ni hiyo nakunywa nayo chai kila asubuhi. Na rafiki yangu mmoja hapo kwa miraa, mwenye nilimwazima hiyo beseni juzi, akaita kwa sauti, "Ni ile nyekundu?" Soko yote ikaanguka na kicheko. Mtu akaangusha mzigo.

Tukaenda nyumbani. Mzee wangu alikuwa kwa kiti yake anachagua maharagwe. Akaona ile kitu kwa mkono ya Makena, akaweka sinia chini. Akaichukua, akapangusa pahali pa kupuliza, akapiga. Woi, watu wangu! Miaka yote hiyo nalala na huyu mtu, nazaa na yeye, nagombana na yeye juu ya chumvi, na sijui anaweza kutoa sauti kama hiyo! Ng'ombe yenyewe iliacha kula.

"Nilifikiri iko kwa gunia kule stoo," akasema.

"Ilikuwa kwa gunia," nikasema.

Kumbe aliinunua akiwa kijana, mshahara yake ya kwanza. Halafu akakuja kuniposa, na baba yangu akasema hapeani msichana kwa mtu wa tarumbeta. Akaifungua vipande viwili, akaiweka kwa gunia, akanichukua mimi. Hakuniambia hata siku moja! Akamuonyesha mwalimu ule kiraka, pahali alianguka nayo kutoka kwa baiskeli, halafu akavuta ile bomba ndefu ikatoka, na ndani, pahali huwezi kuona ikiwa imefungwa, kulikuwa na jina lake limekwaruzwa na msumari. Mwalimu akasoma, akavua kofia. "Si yetu. Makena atapiga."

Halafu akanivuta kando. "Mama, tutasema tu mwenyewe amepatikana. Si lazima wewe usimame."

Nikafikiria. Nikawaona kwa akili wale wamama wa kwaya, nikajua nikinyamaza watasema tulipanga maneno huko kwetu tumfunike mtoto. Na mimi ndio niliapa, hakuna mtu alinituma. Kwa hivyo Jumapili nikasimama tena, na beseni yangu, na sikio yangu mwenyewe nimeishika nikaivuta mpaka mbele, nikasema, "Nilisema nitamleta. Huyu hapa." Nikawaambia yote, hata kikombe. Walicheka mpaka pasta akakalia ngazi. Lakini Makena alikuwa amevaa tai yake, na alipopiga, mimi ndio nililia, ndani ya beseni.

Tangu siku hiyo wakati wa matangazo mimi hukalia mikono yangu, na hakuna chuma inatoka kwangu kabla mzee hajaniambia jina lake na ilikuwa inafanya nini.

Jioni Makena aliiosha hiyo beseni, akaiweka karibu na tromboni, akaniambia, "Shosho, nakuahidi, siku nikiolewa nitaenda na zote mbili. Watoto wangu nitawaonyesha, hii ilikuwa ya guka, na hii ilikuwa ya shosho."