Verna Tuttle na Namba Moja

Verna Tuttle alizaliwa dakika kumi na moja baada ya pacha wake, na tangu siku hiyo hakuwahi kutangulia. Shuleni alishika nafasi ya pili. Kwaya ya kanisa ilimpa sauti ya pili. Katika posta ya mji wetu, Sabin Mills, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kama karani wa akiba, yule anayeitwa siku mkuu wa posta akiumwa jino. Hata Clayton, mumewe, alianza kwa kumchumbia binamu yake Verna. Binamu akaona hapana, akaenda zake Portland na fundi wa meli, ndipo Clayton akakumbuka kwamba kuna Verna. Wamekaa pamoja miaka hamsini na ushei bila jirani kusikia sahani ikivunjwa, kwa hiyo usije ukamwonea huruma bure.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa moyo wote, nasi tulikijua ingawa hakukisema. Katika ukumbi wa chama cha wakulima, juu ya mlango wa jikoni, umetundikwa mti wa kusukumia unga, mkubwa kama mkono wa mwanamume, uliokuwa wa kiwanda cha mikate enzi hizo. Kila Machi, siku ya mkutano mkuu wa mji, watu hula chakula cha mchana pamoja kisha huchagua pai bora ya mwaka. Jina la mshindi huchorwa kwenye kibati cha shaba, kibati kikapigiliwa kwenye mti ule. Kibati cha kwanza kabisa ni cha mama yake Verna. Mwaka ninaousimulia ilikuwa imebaki nafasi moja tu, mwishoni kabisa, karibu na mshikio. Baada ya hapo mti ungewekwa kabatini kwenye kioo, na Verna alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Pai yake ilikuwa ya mayai na maziwa, juu kanyunyiza kungumanga, basi. Haina makeke. Sijawahi kumsikia mtu akiisema vibaya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Royce Pinkham, diwani wetu, alileta pai ya chokoleti iliyorundikwa krimu ya kununua, na wapenda chokoleti wote wakawa wake. Nettie Farnham alileta ya bluberi, vitunda vya buluu alivyochuma mwenyewe Agosti, na mahasimu wa chokoleti wengi wakaenda kwake, wengine wakabaki kwa Verna. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Jina la Royce lilikuwa limepigiliwa kwenye mti ule mara kumi na moja. Na kila mwaka watu walimfuata Verna wakati wa kuosha vyombo, wakamshika bega: "Yako, dada Verna, ningeichagua ya pili." Aliyasikia maneno hayo miaka kumi na tisa, na kila mara alijibu, "Ahsante, mpenzi."

Kulikuwa na mila moja ya adabu mezani. Mpishi hajipigii kura. Haikuandikwa popote, ila Verna alifundishwa na mama yake pamoja na methali yake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ningependa kumuuliza huyo mama, chema kikijiuza miaka kumi na tisa bila mnunuzi, bado tunakisubiri?

Asubuhi ya mkutano matope yalikuwa yamemeza barabara zote na watu waliingia ukumbini wamevaa mabuti. Tulipitisha fedha za chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, tukapitisha paa la kituo cha zimamoto, tukagombana kuhusu mbwa. Ndipo tukafika hoja ya ishirini na tatu: je, mji ubadilishe namna ya kuchagua madiwani, mpiga kura awapange wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu, badala ya kuweka alama kwa mmoja?

Mwalimu Linwood Gage, aliyetufundisha hesabu karibu sisi wote na bado hajatusamehe, ndiye aliyeileta. Alisimama na karatasi zake.

"Ni rahisi," alisema. "Hesabu namba moja kwanza. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa. Waliompa yeye namba moja hawapotezi kura, zinahamia kwa namba mbili yao. Mnaendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu."

"Mtu mmoja, kura moja!" Royce alinguruma bila kuomba ruhusa. "Sisi si watu wa kulamba sahani mara mbili."

"Wewe wa kusema?" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Jumamosi ile ya karamu ya maharage si ulilamba mara tatu!"

Mwenyekiti wa mkutano, Hollis Beal, mwenye duka la vifaa, aligonga meza. Linwood akasubiri kicheko kitulie.

"Royce, ukienda dukani kwa Hollis unataka misumari ya inchi tatu, ukaambiwa imekwisha, unafanyaje? Si unachukua ya tatu na nusu?"

"Narudi nyumbani!"

"Ndiyo maana ghala lako limelala upande!" Clayton Tuttle alipaza sauti, na Verna akamfinya paja. Clayton si msemaji, lakini ghala lile linamkera kila akipita.

Royce alikuwa mwekundu kama bitiruti. "Nimekuwa diwani miaka kumi na minane, na mmenichagua nyinyi nyinyi."

"Hatujawahi kukuchagua zaidi ya nusu yetu," Linwood alimjibu taratibu. "Hata mara moja. Wanaogombea dhidi yako huwa wawili wawili, wanagawana kura, wewe unapita katikati."

Hapo ukumbi uligawanyika kweli. Mzee mmoja alisema kazi ya kupanga namba ni ya watu wenye muda. Mwingine alisema hajui hata mgombea mmoja anayempenda, atawatoa wapi watatu? Mama mmoja akasema yeye miaka yote humpigia asiyemtaka ili kumzuia asiyemtaka zaidi, heri nusu ya shari kuliko shari kamili, na amechoka. Maneno yalizunguka nusu saa, na harufu ya supu ya samaki ikaanza kupenya kutoka jikoni. Hollis, ambaye tumbo lake halijui siasa, aligonga meza tena.

"Sikilizeni. Saa sita imefika. Badala ya kubishana na kitu tusichokijua, hebu tukijaribu kwa pai. Kila mtu apange tatu zilizofika fainali, ya Royce, ya Nettie na ya Verna, mwalimu ahesabu mbele yetu. Matokeo yatakuwa rasmi, jina linakwenda kwenye mti. Tukishiba tutapiga kura ya hoja yenyewe. Kuna anayepinga?"

Royce aliangalia pai yake na mlima wake wa krimu, akaona haina mpinzani. "Sipingi," alisema.

Verna alikuwa akikata vipande. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakimwambia ningekuchagua wa pili, na leo, kwa mara ya kwanza, wa pili alikuwa na thamani! Alifanya hesabu yake ya karani wa posta akaona kibati kile, kile cha mwisho, kina jina lake. Alifurahi mpaka akampa Royce kipande kikubwa kuliko cha Clayton mwenyewe.

Alipopewa karatasi na penseli alikwenda kuandikia dirishani. Mtihani ulikuwa pale. Aliitazama pai yake mezani, akatazama mti juu ya mlango, akamkumbuka mama. Kujiandika wa kwanza? Mikono ya mama ingetoka ardhini imkwapue hiyo penseli. Basi aliandika Nettie namba moja, akajiweka mwenyewe namba mbili, Royce tatu. Wa pili leo anahesabiwa, alijiambia. Wengine watanibeba. Akaikunja karatasi mara nne.

Tulikuwa wapiga kura tisini na mmoja. Mwalimu Linwood alisimama mbele ya ubao akahesabu kwa sauti, na hata wanaojidai hawapendi mashindano waliacha vijiko.

"Namba moja peke yake," alisema. "Royce thelathini na sita. Nettie ishirini na nane. Verna ishirini na saba. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo wa mwisho anatolewa." Akachukua chaki, akapiga mstari juu ya jina la Verna.

"Ngoja," Verna alisema, kwa sauti ndogo. "Na wale walioniweka wa pili?"

Linwood aligeuka. Nadhani ndio kwanza alielewa anachokifanya, na akaonekana mzee ghafla. "Ni wengi, Verna. Karibu kila mtu. Lakini namba mbili zinafunguliwa kwenye karatasi za yule aliyetolewa tu, na wewe umetolewa kwanza. Mtu hafiki kwenye namba mbili za watu bila namba moja za kumfikisha."

Kura ishirini na saba za Verna zilihamia, ishirini kwa Nettie, saba kwa Royce. Arobaini na nane kwa arobaini na tatu. Nettie Farnham alipiga yowe, Royce akatupa kitambaa mezani. Na Linwood, mwalimu ni mwalimu, hakuweza kujizuia. Alizipekua zile karatasi za Nettie, akapigapiga chaki ubaoni, akasema:

"Tazameni jambo la ajabu. Kama mtu mmoja tu kati ya waliomweka Nettie wa kwanza angemweka Verna, Nettie ndiye angetolewa, kura zake karibu zote zingekwenda kwa Verna, na Verna angeshinda kwa mbali. Mtu mmoja tu!"

Hakuna aliyemjua mtu huyo isipokuwa Verna.

Nettie, ambaye si mtu mbaya ila furaha humfungua mdomo, alimkumbatia. "Pole, mpenzi. Kura moja, jamani! Na mimi nusura nisahau kujiandika."

"Kujiandika?" Verna alimtazama. "Ulijipigia?"

"Sasa nimpigie nani, Royce?"

"Mpishi hajipigii. Ni mila."

Nettie alimtazama Royce, Royce akaitazama supu yake. "Mila ya nani?" Royce aliuliza. "Mimi najipigia kila mwaka. Nikiipika, si ndiyo niipendayo?"

Miaka kumi na tisa! Mila nzima ya mji ilikuwa imebebwa na mwanamke mmoja, wengine wameishusha zamani bila kumwambia. Nilimwona Verna akifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kitini. Kisha akainua mkono, yeye ambaye katika miaka hamsini ya mikutano hakuwahi kuomba neno.

"Dada Verna ana nafasi ya kusema," Hollis alisema, kwa mshangao, na kijiko bado kimo mkononi.

"Nataka kusema kuhusu hoja ya ishirini na tatu," Verna alianza. "Royce anasema utaratibu huu ni wa kulamba mara mbili. Si kweli. Huu utaratibu ni mkali. Unamuuliza mtu swali moja ambalo mimi sijawahi kuulizwa: unataka nini kwanza? Si nani atakayeshinda, si nani wa kumzuia, si adabu inasemaje. Mimi leo niliulizwa, na nikadanganya. Ile kura moja aliyoitaja mwalimu ilikuwa yangu." Alimgeukia Linwood. "Nataka niulizwe tena. Nitapiga kura ya ndiyo."

Akakaa. Hollis akaweka kijiko chini, akaita kura. Hoja ilipita, hamsini kwa arobaini na moja. Royce alipinga, nasi hatukutegemea vinginevyo.

Nettie alitaka kibati kile kiandikwe majina mawili. Verna alikataa katakata. "Kura ni kura," alisema. "Pigilia."

Njiani kurudi, gari likiogelea kwenye matope, Clayton aliendesha maili mbili. Kisha akakohoa.

"Verna. Zile kura za Nettie."

"Nini?"

"Mojawapo ni yangu."

Verna aligeuka mwili mzima. "Wewe, mzee, uliipigia bluberi?"

"Si ulinikataza! Mwaka wa kwanza kabisa. Ulisema kura ya nyumbani ni aibu, watu watasema. Miaka kumi na tisa nakula pai yako mpaka natia kidole sahanini, halafu nakwenda kumwandika Nettie. Na bluberi hunichoma kifua, unajua."

Verna alicheka mpaka ikabidi Clayton asimamishe gari. Katikati ya kicheko akaanza kulia, halafu akacheka tena. Clayton alizima injini, akamshika mkono.

"Na binamu yangu?" Verna aliuliza alipopata pumzi. "Kama asingekwenda Portland?"

"Nilimwomba yeye kwanza kwa sababu nilijua atakataa," Clayton alisema. "Wewe ungekataa, ningekufa."

Machi iliyofuata mti mpya ulitundikwa juu ya mlango wa jikoni, mtupu, unanukia mbao. Verna alileta pai ileile ya mayai, kungumanga ileile. Alipopewa karatasi hakwenda dirishani. Aliandikia palepale mezani, mbele ya kila mtu, na alipofika kwenye namba moja aliikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika, ikabidi aazime ya Royce.

Kibati cha kwanza cha mti ule ni chake. Ukimuuliza alishinda kwa kura ngapi, atakwambia hakumbuki, nenda kamuulize Linwood. Ila mbili kati ya hizo anajua zilitoka nyumba gani.