Kikombe cha Alhamisi

Maziwa yakiungua jikoni kwa jirani yangu hapa Babati, mimi hurudi kijijini kwetu Daudi bila kupenda. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mama zao. Mimi hunikumbusha sebule ya Mwalimu Tluway, Alhamisi saa kumi jioni, mabenchi mawili na viti vya kuazima, ukungu umeanza kushuka nje, na watu wazima wapatao kumi na watano wakijitahidi kumsikiliza mtu mmoja bila kumkatiza. Kwa watu wa kwetu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Mwalimu Tluway alikuwa amestaafu kufundisha huko Maretadu. Aliporudi nyumbani alijikuta ana muda mwingi na hana wa kumfundisha, na nadhani ndiyo sababu akaanzisha mikutano ile ya Alhamisi, tuliyoiita Ushirika. Mwenyewe alitoa sababu nyingine. Alisema kanisani mtu huambiwa, na kwenye kikao cha ukoo mtu huambiwa, kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kuuliza. Walutheri walikuja, Wakatoliki walikuja, na mzee mmoja mfugaji wa Hirbadaw, aliyefuata dini ya babu zake na hakuona sababu ya kuibadili, alikuja kila alipopata lifti ya lori. Aliyetaka kusali alisali. Asiyetaka aliangalia dari.

Kila wiki mmoja wetu alizungumza juu ya jambo alilolichagua. Tulisikia habari za wadudu wa mahindi, na kwa nini msichana harithi shamba, na kama mbinguni kuna mifugo. Mzee wa Hirbadaw alizungumzia ng'ombe mara nne, kila mara ng'ombe mwingine. Mazungumzo yakiisha ililetwa chai ya maziwa katika kikombe kimoja kikubwa cha bati. Mzungumzaji alikunywa kwanza, kwa kuwa koo lake ndilo lililokauka, kisha kikombe kikazunguka mkono kwa mkono, na kilipopungua kikajazwa. Mwalimu alikuwa akisema kikombe kile ndiyo katiba yetu. Watoto nasi tulipangiwa zamu, kuanzia darasa la tano. Zamu yangu ilikuja mwaka ambao mama mdogo Marselina alifiwa.

Marselina alikuwa mdogo wake mama, ameolewa ng'ambo ya bonde letu. Mtoto wake wa kwanza alifariki kabla hajaota meno. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga ilitengwa, na kutengwa huko ndiko kuliitwa metimani. Hakuna aliyeingia humo, hakuna aliyekula na wenyewe wala kuwapa moto, na hata salamu zilitolewa kwa mbali, mpaka wazee waseme imetosha. Iliaminika kwamba kifo kile kingeweza kumfuata aliyekula nao mpaka nyumbani kwake, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto. Nilipokuwa mdogo watu wengi walisema desturi hiyo imekufa. Ilikuwa imekufa kanisani tu. Mume wa mama mdogo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano Hanang, akapelekewa habari kwamba asirudi kwanza. Kwa hiyo mama mdogo alibaki peke yake, na mbuzi watatu.

Mama alinituma kila siku baada ya shule nimpelekee maziwa.

"Weka kwenye jiwe pale langoni," aliniambia. "Mwite, msalimie, urudi. Usiingie, Neema. Umesikia?"

Nilisikia. Siku mbili nilifanya hivyo hivyo. Nilipaza sauti, "Shikamoo mama mdogo!" naye akaitikia "Marahaba, mwanangu" akiwa mlangoni, mikono ameifunga kifuani. Siku ya tatu mvua ilinikuta langoni. Sikuwa na koti. Aliniangalia muda mrefu, nami nikaona anachelewa bure, maana nilikuwa nalowa. Mwishowe akasogea akaniachia njia.

Tulikula viazi na maziwa kutoka bakuli moja. Kesho yake haikunyesha, nikaingia tu. Ikawa desturi yetu. Mimi ndiye niliyeongea: nani kapigwa shuleni, nani kaandika barua kwa nani, mwalimu gani anasinzia. Yeye alisikiliza na kunisogezea viazi vikubwa. Nyumbani sikusema neno. Sikuona kama nadanganya, kwa sababu mama hakuniuliza.

Alhamisi moja kabla ya zamu yangu, Mwalimu Tluway alizungumzia hofu. Alisema mengi tunayaogopa kwa sababu tu babu zetu waliyaogopa, na akaitaja metimani kwa jina lake, akasema ni aibu mwanamke aliyefiwa kuachwa peke yake katika zama hizi. Watu waliitikia kwa vichwa. Baba Sifaeli, aliyekuwa fundi seremala na ndiye aliyetengeneza yale mabenchi, alisema "kweli kabisa" mara mbili. Nilikaa pale nimejaa furaha. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo juu ya usafi wa meno. Nikaamua kuyaacha.

Basi wiki iliyofuata nilisimama nikawaambia kwamba Mwalimu amesema kweli, na kwamba mimi nimeshajaribu. Nikaeleza juu ya mvua, bakuli na viazi, na kwamba nimekula kwa mama mdogo Marselina wiki sita sasa na hata mafua sijapata. Nikasema yeye ni mtu wa kawaida, anapenda kusikia habari za shule, na Ushirika ungefaa kwenda kumtembelea. Hakuna aliyenikatiza. Sheria ilikuwa hivyo, na nilidhani ukimya ule ni wa kupendezwa.

Chai ikaja. Nikanywa kwanza, nikampa Baba Sifaeli. Alikishika kikombe, akakumbuka kwamba ana ndama mgonjwa, akampa mwenzake, akatoka. Mwenzake alikuwa na kiungulia. Aliyefuata alikuwa amefunga, ingawa sikuwahi kusikia kwamba anafunga. Mzee wa Hirbadaw alisema kwa upole kwamba kwao hawana desturi hii ya metimani, lakini mtu akiwa mgeni hawezi kujua ya wenyeji. Akampa jirani yake. Kikombe kilimfikia Mwalimu Tluway. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama ndani, akampa mtu wa pili kwa mikono miwili vile vile.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa mjinga. Wiki sita zote walikuwa wamekunywa baada yangu, na sasa kila mmoja alikuwa akizihesabu. Niliona aibu.

Mama alikuwa wa mwisho, kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Alikuwa hajanitazama tangu nianze kuongea. Alikichukua kikombe akanywa yote, taratibu, watu wakimwangalia, kisha akakiweka mezani kifudifudi.

"Chai yenu imepoa," alisema. Akanishika mkono tukaondoka.

Njiani nilisubiri kipigo. Hakikuja. Alichosema ni kwamba yeye naye alikuwa na zamu mwezi uliofuata, na alikusudia kuwaomba waende kwa Marselina, mmoja mmoja kwanza, halafu wote. "Mtu ukimwomba anaweza kukubali," alisema. "Wewe umewaambia wameshakula." Tangu siku hiyo tulikwenda wote wawili ng'ambo, tukaingia wote wawili, na wanawake wa kisimani wakawa wanatupisha mbali kidogo.

Ushirika ulipungua mpaka wakabaki watu sita. Niliwadharau wote, na Mwalimu nilimdharau zaidi. Sikujua wakati ule kwamba katika chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa sebule ile, mkwe wake alikuwa amelala na mimba ya tatu, mbili za kwanza zikiwa zimeharibika. Mjukuu alizaliwa salama. Alipofikisha miezi miwili, Mwalimu alituma mtu kutuita. Akasimama mbele ya wale sita na sisi wawili, akasema, "Nilizungumza juu ya hofu nikiwa ninayo mfukoni. Namwomba radhi mtoto huyu." Kisha akasema amezungumza na wazee wa ukoo, wamekubali imetosha, na Alhamisi ijayo tutakutana kwa Marselina, kama mwenyewe ataridhia.

Aliridhia. Walikuja zaidi ya ishirini, hata Baba Sifaeli, akiwa na benchi begani. Mama mdogo alichemsha chai mwenyewe, akamimina, akakaa karibu na mlango. Hakuna aliyezungumza siku hiyo, kikombe tu kilizunguka, na kila mtu alikunywa, wengine kwa haraka wakiwa wamefumba macho. Kilipomfikia yeye, alikitazama, akakipitisha kwa mwenzake bila kunywa.

Watu waliona ni haki yake. Mama naye aliona hivyo. Mimi nilifurahi mno, nikasema moyoni, amewakomesha. Nimeisimulia hivyo kwa miaka mingi, na wasikilizaji wangu wote hucheka hapo.

Mwaka juzi nilikwenda kumwona na mwanangu mdogo. Ni mzee sasa, ana watoto wanne wakubwa. Nikaisimulia tena, naye hakucheka.

"Sikuwakomesha," alisema. "Niliogopa kuwadhuru. Wazee walisema imetosha, lakini mimi sikuwa na hakika."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba yeye aliamini. Katika habari yangu walioamini walikuwa wengine, na yeye ndiye aliyeonewa. Nilimuuliza, basi, zile siku za viazi?

Alisema kila nilipoondoka alisimama mlangoni mpaka nipotee bondeni, halafu hakulala. Akisikia mtoto anakohoa kanisani, hata baada ya miaka, alinifikiria mimi. Nilitaka kukasirika kidogo, nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini, kama ndivyo, aliniachia njia.

Alimchukua mwanangu kutoka mikononi mwangu, akamweka magotini pake.

"Ulikuwa unaongea sana," alisema. "Na nyumba ilikuwa kimya."