Kufuli la Kujitengenezea

Nyumbani walimwita Fundi tangu alipoiua redio ya baba yao akidai anaitengeneza. Alipoajiriwa kuandika programu za kompyuta jina likamganda, na safari hii alilivaa kifua mbele. Programu ya kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati ilikuwa mikononi mwake, na humo alikuwa ameweka usimbaji alioubuni mwenyewe: njia ya kugeuza maneno yawe vurugu ya herufi, ili asiyeruhusiwa asiambulie kitu.

"Siri ya mgonjwa ni heshima yake!" alifoka kwenye kila kikao. "Njia inayotumika dunia nzima kila mwizi ameisoma. Yangu nani ataijua?"

Alikuwa na sababu ya kufoka. Mdogo wake wa kike alitibiwa kifafa kwenye zahanati hiyo. Mchumba wa binti huyo alijua na wala hakujali. Shangazi wa mchumba hakujua, na mdomo wa shangazi haukuwa na mlango. Tena ndiye aliyekaa mapokezi. Kesho yake angefunguliwa orodha ya wagonjwa kwenye skrini: majina wazi, ugonjwa umesimbwa. Safu hiyo ya vurugu Fundi aliiacha ionekane makusudi, watu waone kazi.

"Kaka, nitulie?" mdogo wake aliuliza kwa simu.

"Tulia. Kufuli nimelitengeneza kwa mkono wangu."

Mchana, mwenzake wa kike aliyekagua programu zote kabla hazijatoka, waliyemtania kwa jina la Breki, alivuta kiti mezani pake.

"Fundi, fungua ukurasa wa mapokezi. Usisimbue chochote, tazama tu."

Mbele ya jina la mdogo wake palikuwa na vurugu isiyosomeka. Fundi akatabasamu.

"Sasa shuka kwa yule mzee aliyeanguka kifafa pale mapokezi juzi, kila mtu akaona."

Akashuka. Tabasamu likamkauka. Vurugu ya mzee na ya mdogo wake zilikuwa pacha, herufi kwa herufi.

"Neno likiingia kwako, kila mara linatoka vilevile," Breki akasema. "Yule shangazi wa mapokezi avunje kufuli la nini? Macho anayo."

"Lakini hatafungua kitu!"

"Wewe umefungua?"

"Sijafungua."

"Na umejua?"

Fundi akashika kichwa. "Basi nifiche hiyo safu."

"Atakayeiba faili ataikuta. Tumia ya dunia nzima. Ipe neno lilelile mara mia, itakutolea vurugu mia tofauti."

"Na wote wanajua inavyofanya kazi?"

"Wote. Wataalamu wameishambulia hadharani miaka na miaka, bado imesimama. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake."

Inayojulikana na kila mtu ndiyo inayoficha, isiyojulikana na mtu ndiyo inayoanika? Akamwomba arudie. Breki akarudia. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeagana na wageni aliosahau majina yao.

"Hii yangu nikiiongezea hatua moja," akajaribu, "pacha wataachana."

"Na shimo lililobaki atakuonyesha nani? Mimi nimebahatisha hili tu. Si unasema heshima ya mgonjwa? Au ni ya Fundi?"

Hilo lilimchoma. Akachukua simu.

"Nabadilisha kufuli," akamwambia mdogo wake. "Naweka lile la kila mtu."

"Hilo unalielewa?"

"Nusu."

"Na lako?"

"Lote. Nimelitengeneza mwenyewe."

"Kaka! Unaniondolea unalolielewa, unanifungia usilolielewa?"

"Ndiyo."

Akamsikia anacheka.

"Afadhali. Redio ya baba nayo ulisema unaielewa."

Fundi akaanza kufuta kazi yake, mstari kwa mstari. Alipofika katikati mikono ikasita.

"Breki," akaita, "hebu nieleze tena. Polepole."