Bei Aliyoiandika Mume Wangu

Mpaka leo mtu akiniambia "tungoje kidogo, bei itashuka," natamani kumtupia mwiko. Kipindi kizima cha vita nililishwa neno hilo na mume wangu, asubuhi na jioni, mpaka likanikaa kooni.

Tulikuwa wapangaji hapa Uvira, kwenye kiwanja cha mjane mmoja mzee ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi. Yeye alilala nyumba ndogo ya nyuma, sisi ile kubwa ya mbele, na jiko tulilitumia pamoja. Watoto wangu watatu niliwazalia pale. Vita vilipokaribia, binti yake aliyekuwa Burundi, ng'ambo ya mpaka, akamwita ahamie kwake. Koko akaja kwangu kwanza, kabla ya mtu yeyote. "Binti yangu, minye siwezi kuuzia muntu mugeni na weye uko. Nunua weye." Akataja bei ya kiwanja chote. Na pesa tulikuwa nayo! Miaka ya kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, jua lote kichwani, harufu mpaka kwenye nywele. Pesa yangu.

Lakini mume wangu ni mwalimu, anajua kila kitu. "Bunduki zikilia kule Bijombo milimani watu wanakimbia, nyumba zinakuwa bure. Zikinyamaza wanarudi, bei inapanda. Sasa kumetulia. Kununua leo ni ujinga." Basi tukangoja. Kila wiki alirudi na habari: fulani kauza kwa bei ya mabati tu, fulani kaacha mlango wazi akaenda zake. Anasimulia huku anachekelea, jamani! Nikimwambia Koko anasubiri jibu, ananiambia, "Weye ujue samaki, mambo ya nyumba uniachie." Samaki! Hao samaki ndio walionunua suruali aliyokuwa anaivaa kwenda shule, maana serikali ilikuwa imemsahau zamani.

Siku moja mchana zikalia, karibu kuliko siku zote, upande wa milimani. Nilikuwa uani naanua nguo. Akaingia mbio kutoka shule, jasho linamtoka, uso unang'aa. "Umesikia? Zimeanza! Sasa Koko atashusha bei mwenyewe, wiki mbili tu!"

Na mimi je? Nitasema, maana hasira yangu haiko kwake peke yake. Nilimjibu, "Mungu asaidie ziendelee kidogo." Kinywa changu hiki hiki. Huko juu watu walikuwa wanakufa.

Koko akatoka jikoni. Mkononi alikuwa na sahani ya sombe, majani ya muhogo, aliyowapikia watoto wangu. Akaiweka juu ya kigoda, akanitazama mimi, wala si mume wangu, akarudi ndani. Watoto waliila yote.

Jumatatu akaja muuza mchele mmoja kutoka Bwegera, pamoja na mkubwa wa nyumba kumi. Kwetu nyumba ikiuzwa, majirani wanakaa kushuhudia, na mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeandika karatasi. Na mwenye mwandiko mzuri mtaani alikuwa nani? Koko mwenyewe akamwita. "Mwalimu, njoo utuandikie."

Akaja, angefanyaje mbele ya watu? Akaandika majina, akaandika mipaka, mti wa parachichi, choo. Ndipo Koko akataja bei. Kalamu ikasimama. Ilikuwa chini ya ile aliyotutajia sisi, chini hata ya ile mume wangu aliyokuwa anaiota.

"Koko," akasema kwa sauti ndogo, "hujakosea?"

"Andika, mwalimu. Huyu hakuniombea bunduki."

Majirani wakaangalia chini. Wangapi walielewa, sijui, na sikuuliza. Mume wangu akaandika bei ile kwa tarakimu na kwa maneno, herufi zile zile nzuri za ubaoni. Kisha karatasi ikazunguka kwa mashahidi. Ilipofika kwangu, Koko akaishikilia pembeni isipeperuke na upepo wa ziwani, nami nikatia sahihi.