Siku Nyanya Alipokata Butega

Mimi ni muntu ambaye hakupewa kitu na yeyote. Nilisoma miaka mitatu tu, nikaacha, na leo nina makamio mawili ya mizigo yanayoshuka Walikale na kupanda Goma, nina depo ya maharagwe, na nyumba yangu ya mabati inang'aa hata ukiwa mulima wa pili. Nakuambia haya, rafiki yangu, ili ujue si muntu wa kushindwa na swali. Lakini mwezi uliopita kitoto cha dokteri, ambacho kifungua mimba wangu angeweza kukituma sigara, kiliniuliza swali moja na nikashindwa.

Nilienda kwake kwa sababu ya muguu wa kushoto. Kila jioni ulikuwa unakuwa muzito kama gogo lililolowa. Kwenye depo nasimama kutwa nzima, sipendi kukaa, maana tajiri akikaa wapakizi nao wanakaa. Dokteri akanibonyeza na kidole gumba mbele ya muundi, akakitoa, shimo likabaki pale pale kama umechovya bugali. Akasema:

"Papa, hii ni mishipa. Damu inashuka, kupanda inashindwa. Ni ugonjwa unaopita katika familia. Kwenu nani aliugua miguu?"

"Hakuna," nikamujibu. "Kwetu wote ni wazima."

Akaandika. Halafu akanipa soksi ndefu za kubana, akaniambia nizivae asubuhi nikiwa bado kitandani, nianze na vidole, nipande polepole mupaka chini ya goti. Alitaka kunionyesha. Nikamunyanganya soksi, nikavaa mwenyewe bila kukosea. Akashangaa. "Papa, nani alikufundisha?" Nikamwambia mimi najua vitu vingi. Nikatoka pale, nikamwambia shofere wangu asinipeleke nyumbani, anipandishe Bihambwe.

Pale tulipokuwa tunakaa sasa ni majani ya ngombe na waya wa miiba. Kisima kipo bado. Nyumba hakuna, hata majivu. Nilisimama, nikasikiliza, kama mujinga, nikitafuta sauti moja: kwashi, kwashi, kwashi.

Hiyo ilikuwa sauti ya nyanya yangu akitembea. Yeye njo alinilea, mama yangu alikufa akinizaa na baba sikumujua. Katika miguu yote miwili, chini ya goti, nyanya alivaa butega, zile pete nyembamba za nyuzi za pori, nyembamba kama uzi wa kushonea gunia, zimepangwa moja juu ya nyingine mupaka zinafanya kama mukono wa shati. Asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa umekalia mulima, nilikuwa simuoni lakini namusikia: anaenda kwenye kisima, anarudi, anapita nyuma ya jiko. Moshi wa kuni mbichi, viazi ndani ya majivu, maharagwe yanayochemka tangu jana, na ile kwashi kwashi. Kwangu huo ulikuwa ndio ulimwengu.

Butega hizo zilitoka Walikale. Babu yangu alikuwa muchuuzi (si unaona damu ya biashara nimeitoa wapi?), anashuka porini na maharagwe na kuku, anapanda na pete. Alipomuoa nyanya alimuvalisha yeye mwenyewe, moja moja, siku nzima, na kila safari alimuongezea. Kwetu pete hizo hazivuliwi. Zinakatwa siku moja tu, siku bwana anapozikwa. Sasa wakati wa ile vita ya wazungu, kabla sijajua kusema, babu alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kwenda kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati, kule Walikale. Wengine walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amekufa. Kwa hiyo nyanya alikuwa anavaa butega zake, na kila jioni alikuwa anaacha sahani ya maharagwe imefunikwa.

Jirani yetu, mama mumoja mwenye mudomo, alikuwa hamupi amani.

"Bwana yako alishapata bibi kule pori! Anamupikia sombe na nyama ya nyani, weye unamulindia miguu!"

"Akuje naye," nyanya anajibu, bila kuacha kuchambua maharagwe. "Nimechoka kuteka maji peke yangu."

Na wote wawili wanacheka mupaka wanapangusa macho.

Nyanya alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la muzungu, ndani ya nyumba ya kukaushia maua ya piretre, yale ya dawa ya wadudu. Kazi ya kusimama. Toka asubuhi mupaka jioni anatandaza maua kwenye vichanja, anageuza, anatandaza. Akirudi nyumbani anakaa chini, ananyoosha miguu karibu na moto, anasema moto unanyonya uchungu. Nilikuwa naona mishipa imejikunja chini ya ngozi kama minyoo ya mvua, na ngozi ya kifundo imekuwa nyeusi na kavu. Halafu siku moja jembe lilimukwaruza kidogo tu, upande wa ndani wa kifundo. Kidonda cha namna hiyo mimi kwangu kinapona siku tatu. Chake kikafunguka, kikalowa, kikaanza kunuka.

Jirani akasema kuna muntu ameokota alama ya muguu wake njiani na kuifunga kwa uchawi. Akaleta wembe. Akamuketisha nyanya kwenye kiti, akachanja pale mushipa ulipovimba zaidi, ili ubaya utoke. Rafiki yangu, damu iliruka. Iliruka nyeusi, ikafika kwenye mulango. Jirani akatupa wembe akaanza kuita majina ya watakatifu wote anaowajua. Mimi nikakimbia.

Munganga wa dispanseri alikuwa muntu mufupi, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, mwenye kupenda kugomba. Alifika akihema, akakuta tumemushikilia nyanya akiwa amekaa, ndoo chini ya muguu.

"Munafanya nini? Munakamua ngombe? Mulalishe! Muguu juu! Juu, nasema!"

Akamulalisha kwenye mukeka, akaweka kisigino juu ya bega lake mwenyewe, kaptula ya pasi ikajaa damu, akafinya kitambaa pale penye tundu. Tukahesabu pumzi. Damu ikasimama. Ikasimama kabisa, bila dawa yoyote, kwa kunyanyua tu. Mimi sikujua kama damu iko na uzito.

Alitueleza, na mupaka leo sijasikia dokteri aliyeeleza vizuri hivyo. Alisema: "Mama, damu kushuka kwenye muguu iko rahisi kama kushuka kisima. Kupanda njo kazi. Ndani ya mushipa kuna milango midogo, damu inapanda hatua moja, mulango unajifunga nyuma yake isirudi. Yako imechoka. Damu inapanda, inarudi, inajaa pale chini, ngozi inaoza. Ukitembea, nyama ya muguu inaisukuma. Ukisimama tu, hakuna wa kuisukuma. Na moto unafungua mushipa zaidi."

Akaagiza. Aache kusimama kwenye maua. Aache kuota moto na miguu. Kidonda tuoshe na maji yaliyochemka yenye chumvi. Matofali chini ya kitanda upande wa miguu. Na bande ya kitambaa, kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, ianze kwenye vidole, ibane zaidi chini, ilegee ikipanda. Mwisho akagusa butega.

"Na hizi tunazikata. Zinafunga muguu hapa juu kama kamba kwenye shingo ya mbuzi. Damu itapita wapi?"

Nyanya alikuwa amelala, mweupe kwa kukosa damu, lakini alimushika ule mukono.

"Matofali, sawa. Bande, sawa. Hata maua ya muzungu nitayaacha. Lakini weye unataka niue bwana yangu na makasi yako?"

"Basi tukate nusu."

"Bwana akirudi, arudi nusu?"

Munganga alinitazama mimi, kama vile mimi njo nilikuwa mwanaume wa nyumba. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikaanza kazi ya bande. Nakuambia bila kujisifu, hakuna aliyefunga vizuri kuliko mimi katika Masisi yote, munganga mwenyewe alileta wagonjwa wengine kutazama. Asubuhi kukiwa bado na baridi namushika kisigino mapajani, navingirisha, yeye ananipigia hadithi za babu. Kidonda kikaanza kupungua. Halafu mvua zikaanza, muguu ukavimba tena, butega zikaingia ndani ya nyama, na kidonda kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Munganga aliniita nje.

"Mutoto, zile pete zikibaki, muguu utaoza. Ukioza tutaukata, na kwa umri wake sijui kama ataamuka. Sema naye."

Nilisema naye. Nililia. Alinipapasa kichwa akasema, "Babu yako alizivalisha siku nzima, mutoto yangu. Na vidole vyake vilikuwa vikubwa, angalia."

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya soko alikuwa anapita mubebaji mumoja wa mafuta ya mawese, muntu wa Walikale, na nyanya kila mara alimuuliza kama amesikia habari ya bwana yake. Hakuwa amesikia. Nilikuwa na jogoo wangu mwenyewe, mwekundu. Nikamungojea yule muntu kwenye njia, nikampa jogoo, nikamwambia aseme nini. Alikataa kwanza. Nikamupeleka akanuse bande ya jana. Akakubali.

Alikuja mchana, akavua kofia, akakaa.

"Mama, leo nimeleta habari, lakini iko mubaya. Walisema alikufa zamani. Jiwe lilimwangukia."

Nyanya aliweka chini maharagwe aliyokuwa anachambua. Halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimemupangia jibu.

"Walimuzika akiangalia wapi?"

Yule muntu akanitazama mimi. "Akiangalia milima, Mama."

Nyanya akaitikia na kichwa, akasema, "Asante kwa kutembea mbali." Akamupa maji.

Jirani njo alikata, kwa sababu muntu wa familia haruhusiwi kukata. Yule yule wa kuchekesha. Alikuwa anakata na analia, anakata na analia, "Nisamehe dada, ilikuwa muchezo, ilikuwa muchezo tu," na pete zinaanguka kwenye mukeka bila sauti, kama majani makavu. Chini yake ngozi ilikuwa laini na nyeupe, imejaa mistari, kama mutoto aliyelala juu ya mukeka. Nyanya aliifunika na nguo haraka. Jioni ile hakufunika sahani ya maharagwe. Aliniwekea mimi yote.

Kidonda kilifunga kabla ya mavuno ya mutama. Munganga aliuonyesha ule muguu kwa kila mugonjwa. Na mimi, nakuambia ukweli, nilikuwa na furaha. Nilijiona mwenye akili kuliko watu wazima. Nyanya alinishika mikono akasema, "Mikono yako iko muzuri, bila weye ningekuwa nimekufa." Lakini alikuwa anatembea kimya sasa. Alikuwa ananikuta kwenye jiko na nashituka, sikumusikia kuja. Hakuuliza tena wabebaji. Alipokufa, kifua kilimuchukua wakati wa mvua nyingi, nilikuwa nimeshapata ndevu kidogo. Tulimuzika na miguu mizima.

Nikaenda kupakia mizigo kwenye kamio la muzungu mumoja. Safari yangu ya kwanza Walikale, nilitaka kutafuta alipozikwa babu. Nilijua lazima awe amekufa. Nilitaka tu nikamwone amelala anaangalia wapi. Nikauliza kwenye kambi ya zamani ya wachimbaji, mama muzee mumoja akaweka chini kinu chake.

"Muzee wa milimani? Ule wa muguu mubaya? Umechelewa, mutoto yangu. Alikufa mvua hii iliyopita."

Jiwe lilimwangukia kweli, lakini muguu tu. Hakuweza tena kupanda mulima, na aliona haya kutuma habari kwamba amebaki kilema. Alikuwa anakaa kwenye mulango wa nyumba yake, anasuka butega, hata wakati ambapo wanawake walikuwa wameshaacha kuzivaa. Kila muntu aliyetoka juu alimuuliza kitu kimoja: bibi yake ameshakata? Wengi hawakumujua. Siku moja mubebaji mumoja akamwambia, ndiyo, yule mama wa Bihambwe, alikata.

"Alisemaje?" nikauliza.

"Hakusema. Toka siku ile hakuuliza tena."

Akaingia ndani, akanipa furushi la butega mupya, zimefungwa na kamba. Alisema muzee aliziacha, na kwao hakuna wa kuvaa.

Ninazo mupaka leo, ndani ya sanduku la chuma, pamoja na zile za nyanya zilizokatwa. Bibi niliyemuoa anafikiri ni karatasi za makamio. Nimejenga, nimesomesha, nimezika watu na majeneza mazuri, na kila nilipopita Bihambwe na kamio langu nilipiga honi sikusimama. Siku ile baada ya dokteri njo nilisimama kwa mara ya kwanza. Nilikaa kwenye jiwe la kisima, nikavua soksi, nikatoa pete moja mupya niliyokuwa nimeitia mufukoni asubuhi ile kabla ya kwenda kwa dokteri, nikajaribu kuipandisha. Ilipita kwenye vidole. Kwenye kifundo kilichovimba ikakataa. Nikairudisha mufukoni nzima, sikuikata.

Kesho narudi kwa dokteri. Nitamwambia afute lile neno 'hakuna' aliloandika, aandike kwamba kwetu waliugua miguu watu wawili, nyanya na babu, na kwamba yule wa kwanza mimi njo nilimufunga bande.