Alikuja kunishtakia mwanangu, nikapiga vigelegele

Wakuu, wewe mwenye mtoto aliyepoa kiimani, sogea unisikilize kidogo. Ni mambo yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Naishi Nyangoto, nalima na kufundisha watoto kanisani. Kijana wangu Mwita alipomaliza kidato cha nne aliingia kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, duara la Chacha. Duara ni lile shimo wanamozama kutafuta mawe yenye dhahabu, na Chacha ndiye mwenye shimo.

Kila Jumapili alinisindikiza kanisani, akinibebea Biblia. Nikajua mambo yako sawa.

Siku moja akaniambia kwa upole: "Mama, nisikudanganye. Naenda kwa ajili yako. Ukisafiri, siendi."

Iliniuma. Ila niwaeleze taratibu hapa, maana ndipo wazazi wengi tunakwama. Mtoto anaweza kuvaa imani yako kama koti la kuazima. Mkiwa pamoja linamtosha. Akiwa peke yake, halipo.

Nikabadili ombi. Sikuomba tena akae kanisani. Kila asubuhi nikikamua ng'ombe nilisema: "Bwana, mpe Mwita imani ya kwake." Mpaka ng'ombe alizoea, nisipoomba hatulii!

Mwita sikumwambia kitu. Mwaka ukapita, kimya.

Jioni moja Chacha akaingia uani kwangu kwa kishindo.

"Mama Mwita, huyo mura, huyo kijana wako, ananiharibia kazi! Mganga kaja kutupaka dawa wote kabla ya kuzama, yeye kagoma. Wewe ndiye umemkataza!"

Nikamwambia hata habari za mganga sikuwa nazo.

"Wenzake wamemcheka, wakamwita mtoto wa mama. Unajua kawajibu nini? 'Mama yangu mwacheni nyumbani. Mimi Yesu namwomba mwenyewe.' Sasa mwambie apakwe, la sivyo kesho asije."

Wakuu, nilipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Chacha akanishangaa. "Nakuletea kesi, wewe unashangilia?"

"Rudia tena, baba. Kasema nini?"

"Nyumba hii wote hamko sawa!" Akaondoka.

Mwita alifukuzwa kweli. Na msitegemee niseme baadaye aliokota bonge la dhahabu. Alilima na mimi kwa muda, kisha akapata duara jingine, lenye mawe ya kawaida tu. Hajawahi kunisimulia habari ya mganga, nami sijamuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda Bomani kumuuguza dada yangu. Jumapili asubuhi nampigia Mwita, simu imezimwa. Narudia, imezimwa. Moyo wa mzazi mnaujua, nikaanza kuwaza duara limetitia.

Mchana akapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama. Samahani, nilikuwa ibadani, nikazima simu."

Nami nilikuwa nimesafiri, wakuu!

Nikapiga vigelegele tena. Dada yangu kitandani akauliza: "Hivi mgonjwa hapa ni mimi au wewe?"

Nilichojifunza ni kwamba kumfikisha mtoto kanisani mzazi unaweza. Kumfikisha kwa Mungu unaomba, unasubiri, na majibu yanaweza kuja yakiwa yamevaa sura ya mashtaka. Usikate tamaa ukiona kimya.

Karibuni mseme ya kwenu, hata wenye mawazo tofauti.

Na kesho asubuhi, kabla hujamkumbusha mwanao kusali, taja jina lake mbele za Mungu, omba apewe imani ya kwake, kisha endelea na kazi zako.